Tiba ya unga na pombe: twende wapi, na nani analipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mama, kaka, mke, shangazi, na mara nyingine na mtumiaji mwenyewe akiwa amechoka. Majibu mengi ni ya Tanzania, Bara na Visiwani, na mwishoni nimegusa Kenya. Kuna jambo moja nataka ulijue kabla hujafungua pochi: kwa mtu wa heroini, yaani unga, tiba yenye nguvu kuliko zote, methadoni, haiuzwi. Inatolewa bure kwenye hospitali za serikali. Familia nyingi hulisikia hili zikiwa zimeshauza kiwanja.

Nimegundua kijana wangu anatumia. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua anatumia nini, maana tiba ya unga si tiba ya pombe, na ya pombe si ya bangi. Mzazi huambiwa "ni bangi tu", kumbe ni kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Mwangalie asubuhi kabla hajatoka. Makamasi na machozi bila mafua, miayo isiyokwisha, kuharisha, jasho la baridi, mifupa kuuma, hasira ya ghafla, kisha anatoka nusu saa na kurudi mzima: hiyo ni arosto, ugonjwa wa kukosa unga, na mtu wa bangi peke yake haugui hivyo.

Muulize akiwa ametulia. Ukimuuliza akiwa na arosto atasema lolote ili apate hela ya kete, yaani kipimo cha unga, na akiwa ametoka kutumia atakubali kila kitu halafu kesho hakumbuki. Muulize ukiwa peke yako naye, bila kikao cha ukoo. Kisha piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ueleze mko mkoa gani na anatumia nini. Watakuelekeza kituo kilicho karibu.

Methadoni ni nini?

Ni dawa ya maji anayokunywa mgonjwa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inakaa kwenye sehemu zilezile za ubongo ambazo heroini inakaa, ila inaingia taratibu na kudumu siku nzima au zaidi, kwa hiyo haimpi ule mshtuko wa raha wala haimwachi na arosto. Mtu aliyekuwa anahangaika kutafuta kete kila baada ya saa chache anapata siku nzima mikononi mwake. Hapo ndipo anaweza kula, kulala, kufanya kibarua na kuongea na mtoto wake.

Wanaanza na dozi ndogo, kwa kawaida kati ya miligramu 15 na 30, halafu wanapandisha kidogo kidogo. Wiki za mwanzo dozi bado haijamtosha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au huongeza kete pembeni. Mwambieni mapema kwamba kipindi hicho kipo na kitapita. Akikosa dozi siku kadhaa mfululizo, asidhani ataendelea alipoishia: watamshusha waanze tena chini, kwa usalama wake.

Onyo moja zito. Methadoni ikikutana na pombe nyingi au vidonge vya usingizi kama Valium, pumzi inaweza kukata. Kama kijana ni mnywaji pia, daktari wa kliniki lazima alijue hilo siku ya kwanza.

Kliniki za methadoni ziko wapi?

Ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam: Mbeya, Mwanza kwenye Hospitali ya Sekou Toure, Dodoma kwenye kituo cha Itega, Tanga, Bagamoyo, Arusha. Unguja iko Kidongo Chekundu tangu 2015. Orodha inaongezeka, kwa hiyo uliza 119 kabla ya kupanda basi.

Mara nyingi mgonjwa haingii moja kwa moja kutoka barabarani. Huanzia kwenye asasi inayofanya kazi vijiweni, ambako waelimishaji rika, wengi wao waliokuwa watumiaji, humwandaa kwa vikao vichache na kumfikisha kliniki. Kliniki nazo hutaka mtu wa karibu atakayesimama naye: mzazi, ndugu, mke, hata rafiki wa kuaminika. Kama wewe ndiye unayesoma ukurasa huu, huenda mtu huyo ni wewe. Watampima virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na dawa za Ukimwi na kifua kikuu nazo ni bure.

Kama ni bure, mbona watu wanasema inagharimu?

Kwa sababu ya nauli. Dozi ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tuseme anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 600 kila moja. Ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi, kwa mtu ambaye hana kazi na ambaye nyumbani hakuna anayethubutu kumpa hela taslimu. Nimeona watu wakiacha tiba kwa sababu hiyo, na wenzao wakadhani wamerudi kwenye unga kwa kupenda.

Hapa ndipo pesa ya familia inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Kaeni mpange nani anatoa nauli ya wiki gani. Kama hamumwamini na hela, mmoja amsindikize miezi ya mwanzo, au muongee na bodaboda mmoja wa mtaani alipwe kwa wiki. Kuna familia ambazo mgonjwa alihamia kwa shangazi anayekaa karibu na hospitali, akawa anakwenda kwa miguu. Hilo ni bora kuliko kukodi gari siku ya kwanza kwa mbwembwe na kukosa nauli mwezi wa pili. Waliotulia muda mrefu huweza kuruhusiwa kwenda na dozi nyumbani. Kila kliniki ina utaratibu wake, na ni haki yenu kuuliza.

Gharama nyingine ni chakula. Mtu akianza kupona hamu ya kula hurudi kwa nguvu. Msimnyime sahani kwa sababu ya yaliyopita.

Si ni kuacha ulevi mmoja na kuingia mwingine?

Swali hili huulizwa sana misikitini na makanisani, na linastahili jibu la heshima. Uraibu ni pale mtu anapotumia kitu bila kuweza kujizuia huku kinamharibia maisha. Mgonjwa wa methadoni aliyepata dozi yake sawasawa halewi, haibi, hajidungi sindano aliyotumia mwenzake. Mwili wake unaihitaji dawa, ndiyo, na akiacha ghafla ataugua. Lakini anayeihitaji dawa ili aende kazini si sawa na anayeihitaji kete ili asianguke.

Ataitumia kwa muda gani? Wengine mwaka au miwili, wengine miaka mingi. Kushusha dozi hufanywa na kliniki, polepole, mgonjwa akiwa tayari. Ndugu wanaomharakisha "aache na hiyo methadoni sasa" humrudisha kijiweni bila kujua.

Tatizo letu ni pombe, si unga. Methadoni itamsaidia?

Hapana. Na naomba usome kwa makini hapa, kwa sababu watu hufa kwa kutokujua.

Arosto ya unga inatesa mno, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Pombe ni kinyume. Mtu aliyekunywa gongo au konyagi kila siku kwa miaka, ukimfungia ndani ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kupandwa na homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaua. Kwa hiyo msimfungie chumbani, msimpeleke kwenye maombi ya siku tatu bila kula, na msimwingize soba, yaani nyumba ya upataji nafuu, moja kwa moja kutoka baa. Mpelekeni hospitali kwanza, hata kituo cha afya, mseme ukweli: anakunywa kiasi gani, kila siku, na mara ya mwisho ni saa ngapi.

Hospitali watampa dawa za kutuliza kwa siku chache huku wakizipunguza, maji, na vitamini B1, ambayo ni ya bei nafuu na inalinda ubongo wa mnywaji. Kwa kawaida ni kama wiki moja. Dawa zenyewe si za ghali. Gharama ni kitanda na vipimo. Baada ya hapo ndipo kazi ya kubaki bila pombe inaanza: ushauri nasaha, vikundi, soba kama inahitajika. Vikundi vya Alcoholics Anonymous na Narcotics Anonymous, vya walevi na watumiaji wanaosaidiana kuacha, havitozi ada popote duniani. Ukiambiwa ulipe kiingilio kwenye kikundi kinachotumia jina hilo, ondoka.

Bima italipa?

Kwa sehemu. Ukiwa na kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kumwona daktari, kulazwa na dawa zilizo kwenye orodha hupitia njia ya kawaida ya hospitali. Nyumba za upataji nafuu, zile tunazoita soba, si hospitali, kwa hiyo msizipange kwenye bajeti mkitegemea kadi. Bima za kampuni binafsi zina ukurasa wa mambo wasiyolipia, na uraibu huandikwa humo mara nyingi. Usomeni ukurasa huo kabla ya kumlaza mtu hospitali ya bei.

Asiye na bima wala uwezo apite kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza hali yenu, na kitambulisho. Sera ya msamaha ipo, na maradhi ya akili yamo kati ya magonjwa sugu inayoyatambua. Hakuna atakayekufuata dirishani kukuambia hayo. Ulizia ofisi ya ustawi kabla bili haijakua, si siku ya kuruhusiwa.

Soba ni nini, na tutalipa shilingi ngapi?

Ni nyumba wanapokaa watu walioacha kutumia, miezi kadhaa, wakifuata ratiba: kuamka mapema, usafi, vikao, ibada, kazi za nyumbani. Nyingi zinaendeshwa na watu waliopona wenyewe na hufuata hatua kumi na mbili za Alcoholics Anonymous. Unguja nyumba hizi zilianza kushamiri mwishoni mwa miaka ya 2000, na Bara zikafuata. Zipo ambazo zimeokoa watu wengi, na nawaheshimu wanaoziendesha kwa sababu kazi yao haina likizo.

Malipo ni kwa mwezi na huhesabika kwa malaki, kila nyumba na bei yake. Nyumba nyingine hupokea wachache bure au kwa nusu bei wakipata mfadhili, uliza waziwazi. Zidisha bei kwa miezi yote, si mmoja, ongeza sabuni, dawa na nauli ya kumtembelea, ndipo uamue.

Nenda kaione kabla ya kulipa, bila taarifa ikiwezekana. Uliza cheti cha usajili, na kama Mamlaka inaitambua. Uliza arosto anaipitia wapi na nani mwenye taaluma ya afya anamwangalia, na kama anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu au za akili ataendelea nazo. Uliza akiondoka wiki ya pili, pesa iliyobaki inarudi? Kisha tazama jikoni na chooni, na ongea na wakazi wawili watatu bila msimamizi kusimama pembeni. Ukiona minyororo, makovu mapya ya fimbo, au ukiambiwa huruhusiwi kumwona ndugu yako miezi mitatu, mtoe au usimpeleke. Kipigo hakitibu uraibu, na aliyepigwa hutoka na hasira ya kutosha kumrudisha maskani siku hiyohiyo.

Kwa mtu wa heroini, ushauri wangu uko wazi: kama kliniki ya methadoni inafikika, jaribuni hiyo kwanza. Soba inayomtaka aache methadoni ili apokelewe inamwondolea kinga.

Kuna mtu ameahidi kumponya kwa siku saba. Anataka milioni moja.

Msimpe. Siku saba zinatosha kumaliza sehemu kubwa ya arosto, na hiyo ndiyo siri ya biashara yenyewe: mtu hutoka akiwa mtulivu, familia inashangilia, aliyelipwa anapiga picha. Tamaa ya kutumia haiondoki na arosto. Hukaa miezi, hata miaka, na humrudia akipita tu kwenye kona aliyozoea. Dua na maombi vina nafasi yake moyoni mwa mgonjwa na sina neno dhidi ya hilo, ila asitoe mtu shamba kwa chupa ya mizizi.

Hataki tiba. Tumpeleke kwa nguvu?

Mwenye akili timamu, aliye mtu mzima, kumfunga kamba na kumpakia kwenye gari ni kosa na mara chache huzaa matunda. Akiwa hatari kwake au kwa wengine, ameanza kuona vitu, anataka kujiua, hiyo ni dharura ya akili, mpelekeni hospitali.

Vinginevyo, kuna kazi ya kufanya huku mkimsubiri. Acheni kumpa hela taslimu, mpeni chakula. Fungeni vya thamani bila kumtukana. Mlete mtu aliyepona aongee naye. Sauti ya mtu aliyelala naye jalala moja huingia mahali ambapo ya baba haifiki. Na siku akisema "nimechoka", iwe saa nane usiku, muwe mnajua tayari kesho mnakwenda wapi na nauli iko wapi. Siku hiyo haikai sana.

Atakamatwa akijitokeza kliniki?

Kutumia na kukutwa na dawa za kulevya ni kosa kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2015. Kuomba tiba si kosa. Taarifa zake kliniki ni siri ya mgonjwa. Akikamatwa akiwa tayari kwenye dozi, ndugu ampigie mhudumu wa kliniki siku hiyohiyo ili wafuatilie, maana arosto ya methadoni mahabusu ni ndefu kuliko ya unga.

Ni binti yetu, na ana mimba.

Kliniki mapema iwezekanavyo. Kuacha heroini ghafla wakati wa mimba kunaweza kuhatarisha mtoto tumboni, ilhali methadoni hutolewa kwa wajawazito na ndiyo njia inayopendekezwa. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za kuhitaji dawa. Hutibika, mradi wakunga wajue kabla. Kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa.

Soba za wanawake ni chache mno ukilinganisha na za wanaume, na aibu anayobebeshwa dada ni mara mbili. Ndiyo maana wengi hufika wakiwa wamechelewa. Mama anayemficha binti ndani kwa kuogopa majirani, nakuomba umtoe leo.

Na Ramadhani?

Asiache dozi kimyakimya. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, aulize kliniki mapema kama saa zinaweza kubadilishwa mwezi huo. Pale isipowezekana, azungumze na imamu anayemwamini akijieleza kama mgonjwa aliye kwenye tiba.

Bangi na mirungi je?

Hakuna dawa ya kubadilisha kama ilivyo methadoni kwa unga. Ni ushauri nasaha na kubadili mazingira. Akianza kusikia sauti au kushuku kila mtu, mpeleke kitengo cha afya ya akili haraka.

Tuko Kenya. Tufanye nini?

Piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, mchana au usiku. Pwani methadoni ilianza Malindi mwaka 2015, muda mfupi baada ya hospitali ya Mathari, Nairobi, na ipo Mombasa na Kwale pia. Malindi kuna Omari Project na Mombasa kuna MEWA na Reachout, mashirika yaliyofanya kazi na watumiaji kwa miaka mingi. Kituo cha kulipia kiwe na kibali cha NACADA. NHIF ya Kenya ilibadilishwa na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024, hivyo uliza kituo chenyewe kama kina mkataba na SHA na wanalipiwa nini, kabla ya kulaza mtu.

Alitoka soba vizuri, sasa amerudia. Pesa yetu imepotea?

Haijapotea. Kurudia ni sehemu ya maradhi haya kwa watu wengi, na miezi aliyokaa bila kutumia imempa afya na ujuzi ambao hakuwa nao. Mpelekeni tena, na safari hii ulizeni nini kilikosekana: kazi, mahali pa kulala mbali na maskani, au methadoni.

Lakini kuna hatari moja ambayo lazima muijue kabla hajarudi nyumbani. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila heroini, awe ametoka soba, gerezani au wodini, mwili wake umesahau kuihimili. Akitumia kiasi kilekile cha zamani, mara moja tu, anaweza kufa. Mkimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anapumua polepole au hapumui, midomo imekuwa ya bluu na haamki mkimtikisa, msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi. Mkimbizeni hospitali na mseme wazi mlangoni kwamba ni unga, kwa sababu dawa ya kuuzima, naloksoni, hufanya kazi ndani ya dakika chache ikiwa mhudumu ameambiwa ukweli.